Rav ya okazyo hapa Goma: usiniulize kizazi, niulize motere

Alhamisi iliyopita saa kumi na mbili asubuhi, hata chai sijaweka kwenye moto, simu inalia, ni binamu yangu. Yaya, nimepata Rav, yaani Toyota RAV4 ya okazyo, iliyokwisha kutumika. Komisioneri, dalali wa magari, anasema ni kizazi cha tatu, yaani umbo la tatu la Rav, inatoka Japani, lita 2.0, motere (injini) haijawahi kufunguliwa, dola 7,800 bei ya mwisho, na kuna mama mmoja wa Birere anaitaka pia kwa hiyo tukichelewa tunaikosa. Nikamuuliza swali moja tu, motere yake sasa hivi iko baridi ao iko moto? Akanyamaza. Nikamwambia mpigie, mwambie asiiwashe mpaka tufike.

Tulifika Katindo saa moja na nusu hivi, gari imeoshwa inang'aa, mpaka mipira ya magurudumu imepakwa ile dawa nyeusi. Mimi sikuangalia rangi, nilienda moja kwa moja kuweka kiganja juu ya kapo, kifuniko cha motere. Moto. Kijana anatabasamu, "mama, nilikuwa naitoa tu ndani ya parseli ili muione vizuri." Gari ya kutolewa tu ndani ya parseli (uwanja wa nyumba) haipati joto namna ile, ilikuwa imewashwa dakika ishirini ao zaidi, na mtu hawashi motere dakika ishirini kabla mnunuzi hajafika bila sababu, maana motere ikiwa baridi ndipo inasema yote: moshi wa bluu wa asubuhi, cheni inayopiga kelele zile sekunde za kwanza, batri iliyochoka, bwati (giaboksi) inayochelewa kushika. Ikishapata moto vyote vinatulia.

Halafu nikafungua kapo nikatafuta ile sahani ndogo ya chuma. Imeandikwa ACA31W. Binamu ananiangalia tu, nikamwonyesha kwa kidole. Kwenye Rav hiyo namba inasema karibu kila kitu na kuisoma haigharimu hata franga moja: katika zile tarakimu mbili, ya kwanza ni kizazi, yaani 1 ni cha kwanza, 2 cha pili, 3 cha tatu na kuendelea, na herufi za mbele zinakuambia familia ya motere. SXA ni zile za zamani za motere ya 3S, ACA ni motere za AZ, ZCA ni ile ndogo ya 1.8 inayovuta magurudumu ya mbele tu, CLA ni ya mazutu (dizeli), ZSA ni za 2.0 zilizokuja baadaye. Kwa hiyo kizazi cha tatu ni kweli, hapo hakudanganya, ila 2.0 hapana, 31 ni 2.4, na za Japani za kizazi hicho nilizoziona mimi zote ni 2.4 na bwati ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabu. Hiyo si gari mbaya. Lakini si gari aliyoambiwa, na iko na mambo yake ambayo nitayafikia.

Nimeandika hii kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza, ndugu, jirani, mama wa kanisani, Rav kizazi gani ndiyo imara? Na mimi naona swali lenyewe ndilo linawapotosha, maana makomisioneri wameshajua kwamba watu wanauliza kizazi, basi kizazi kimekuwa bei, kizazi kipya elfu mbili juu, kizazi kipya elfu mbili juu, mtu analipia umbo la taa. Ndani ya kizazi kimoja kuna motere inayofika kilomita 400,000 na kuna nyingine inayokunywa mafuta ya motere (oili) kama mgonjwa wa kiu, na zote mbili zinafanana kwa nje kama mapacha. Na juu ya hapo kuna mji wetu, mawe yetu, esansi (petroli) yetu na mafundi wetu, ambao hakuna mhandisi wa Japani aliyewaweka kwenye hesabu.

Kwetu tumekuwa na tatu. Ya Baba, ya baba mdogo, na hii yangu.

Ya Baba ilikuwa ya mwaka 1997, kizazi cha kwanza, ile ambayo Toyota waliitoa mwaka 1994, milango mitano, manuali, gurudumu la akiba mgongoni. Aliinunua mwaka 2004, miaka miwili baada ya lava ya volkano Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 kuchukua nyumba yetu na kila kilichokuwa ndani, na nakumbuka Mama alilia siku ile gari inaingia kwa sababu kilikuwa kitu kikubwa cha kwanza kununuliwa tangu siku hiyo. Motere ya 3S-FE, bloki yake ni chuma cha kumimina, kizito, na inazungushwa na mkanda wa mpira, kuruwa, ambao unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Baba hakuubadilisha, alikuwa anasema mwaka ujao, mwaka ujao. Ukakatika tukiwa tunapanda Kibumba. Motere ikazima tu, kimya, bila hata mlio. Mimi nilifikiri imekufa kabisa, kumbe kwa 3S-FE mkanda ukikatika pistoni hazifiki kwenye valvu, hazigongani, kwa hiyo tulivutwa mpaka mjini, fundi akaweka mkanda mpya, akapanga alama zake, ikawaka kama hakuna kilichotokea. Motere nyingi za mkanda ukizifanyia vile unanunua nyingine.

Kitu kingine ambacho watu wamekisahau: ile ya kwanza magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, kuna difransieli ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, na kwenye manuali kuna kitufe cha kuifunga. Hakuna komputa inayofikiri kwanza kama ivute ao isivute. Kwenye matope ya Masisi zamani, wakati barabara bado ilipitika bila mtu kuogopa, Baba alikuwa anabonyeza kile kitufe na tunapita pembeni ya magari makubwa yaliyolala.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni tarehe 27 Mei 2021. Volkano ilikuwa imetoka Jumamosi ya tarehe 22, tetemeko zilikuwa zinaendelea usiku na mchana, ukuta wa jirani umepasuka, halafu Alhamisi asubuhi ikatangazwa kwamba sehemu kubwa ya mji iondoke. Mji mzima barabarani kwa wakati mmoja. Tulikuwa watu tisa ndani ya ile Rav ya miaka 24, magodoro juu, mimi ndiye naendesha, Baba pembeni. Kwenda Sake ni kilomita 25 hivi, siku ya kawaida hata saa moja haiishi, siku ile tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na saa nne tulikuwa bado hatujafika Mugunga. Sindano ya joto ilikuwa inapanda. Naiona inapita katikati, inakaribia nyekundu, nyuma watoto wanalia, mbele kuna Fuso imejaa mbuzi na watu, pembeni mama mmoja anatembea na kitanda kichwani. Baba hakupandisha sauti. Akaniambia, "funga klima, fungua shofaji yote, weka kwenye moto wa mwisho na fenti ya mwisho." Nikamwambia Baba, na hili jua, na watoto? Akasema, "watoto watatoka jasho, jasho haliui, motere ikifa tunatembea." Nikafungua. Joto likaingia ndani kama umefungua tanuru, maana shofaji ni radiateri nyingine ndogo iliyofichwa ndani ya tablo, inachukua moto wa motere inautupa kwa abiria. Na sindano ikarudi. Polepole, kama unywele mmoja kila dakika, ikarudi. Tulifika Sake saa saba na nusu mchana tumelowa sote kama tumetoka ziwani, na motere nzima.

Baadaye tuliporudi fundi wetu wa Ndosho alitoa radiateri akaigeuza, ikatoka maji ya rangi ya chai iliyochacha na vipande vya kutu, alinionyesha kwenye kiganja. Kosa letu hilo, miaka yote tulikuwa tunajaza maji ya bomba, mara nyingine ya ziwa, badala ya ile maji ya rangi ya radiateri, na bloki ya chuma ukiipa maji matupu inaoza ndani. Hiyo gari Baba aliiuza mwaka 2023 kwa mtu wa Rutshuru, na mpaka leo huyo mtu anaendesha.

Sasa ya baba mdogo. Kizazi cha pili, mwaka 2002, otomatiki. Hapa motere ilibadilika, ikaja 1AZ-FE, bloki ya aluminiamu, nyepesi, na badala ya mkanda kuna cheni ambayo ukibadilisha mafuta kwa wakati unaisahau. Ninavyoona mimi ile 2.0 ya kawaida na manuali ni gari nzuri sana, labda ndiyo ya kumnunulia mtu mwenye pesa kidogo leo. Ila kuna mitego. Wa kwanza ni ile yenye maandishi D-4 juu ya motere, za Japani nyingi za kizazi hiki ziko hivyo, esansi inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda na pompi ya presha kubwa. Japani, na esansi ya Japani, sina neno. Lakini hapa tunanunua kwa makadafi, wale wauzaji wa esansi wa barabarani, bidoni za njano, chupa, huwezi kujua kama ndani kuna maji ao petroli ya taa, na pompi ya namna hiyo haisamehe, halafu masizi yanajaa kwenye njia za hewa kwa sababu hakuna esansi inayopita kuosha nyuma ya valvu. D-4 na kadafi haviishi nyumba moja.

Wa pili ni otomatiki za Marekani za 2001 mpaka 2003. Huko ilijulikana wazi, bwati inabadilisha gia kwa kugonga, watu wakanunua bwati mpya, na tatizo likarudi, kumbe inayougua ni komputa ya motere ndiyo inaipa bwati amri mbaya, mpaka Toyota wakaongeza garanti ya hizo gari huko. Kwa hiyo ukikutana na Rav ya miaka hiyo yenye volani (usukani) kushoto na maili kwenye konteri (kipima umbali), na inagonga ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, usikubali kuambiwa "ni mafuta tu mama."

Ya baba mdogo yeye ilikuwa ya Japani na bwati ilikuwa nzima, mpaka garaji moja hapa mjini, sitaitaja, walipobadilisha mafuta ya bwati wakaweka mafuta ya motere. Ndani ya wiki mbili ikaanza kuteleza. Wakamwambia bwati imekufa, leta dola 1,100 tukutafutie nyingine. Alizilipa. Mtu wa biashara, hana muda, alitaka gari. Ile bwati ya zamani hata hawakumrudishia. Mimi nililijua hili baada ya kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale kuhama na kuja kutuambia mwenyewe, kwa sababu roho yake haikutulia, na mpaka leo nikipita mbele ya ile garaji moyo unanichoma, si kwa sababu ya pesa pekee, ila baba mdogo aliwaamini, alikuwa anawapelekea hadi soda Jumapili. Tangu hapo mimi mafuta nanunua mwenyewe, nafika na bidoni yangu imefungwa, nasimama pale inafunguliwa na inamwagwa mbele ya macho yangu.

Na mtego wa tatu wa kizazi hicho, motere hizi za AZ za mwanzo wa miaka ya 2000, hasa ile 2.4, zinajulikana kwa nyuzi za bulo (bolti) za kichwa cha motere kulegea ndani ya bloki ya aluminiamu, upande wa nyuma, kule ambako mkono haufiki. Maji yanavuja kidogo kidogo. Kama gari inapungukiwa maji na huoni yanapodondokea, ingia chini na taa uangalie nyuma ya motere, upande wa ndani kabisa, utaona alama nyeupe ao ya pinki imekauka. Na usiiache ipate moto hata mara moja, aluminiamu siyo chuma cha Baba.

Yangu ni kizazi cha tatu. Mwaka 2007, ACA30, 2.0, manuali, ilitoka Ubelgiji, niliinunua mwaka 2016 ikiwa na kilomita 148,000 na leo iko na 271,000. Karibu zote hizo ni za mawe ya Goma. Mtu wa mbali nikimwambia barabara ya mawe anafikiri changarawe. Hapana. Lava ikipoa na kuvunjika inabaki na meno, imejaa matundu kama mkate, na kila tundu lina ukingo unaokata kiatu. Kwenye njia ya kwetu Ndosho unaendesha gia ya kwanza, gurudumu linapanda, linadondoka, linapanda, linadondoka, kila siku mara mbili. Kwa hiyo kinachokufa kwanza si motere, ni silambloki, yaani ile mipira inayoshikilia mikono ya magurudumu ya mbele, halafu rotula (viungo vya magurudumu), halafu amortisa (shokapu), halafu ubavu wa mpira wa gurudumu unachanwa. Mimi silambloki za mbele nimebadilisha mara nne. Mara mbili za kwanza nilinunua za bei rahisi, zikaisha kabla ya miezi saba. Mara ya tatu fundi akaniambia, "mama, mbili za rahisi njo moja ya bei, na mikono yangu unailipa mara mbili," nikanunua zile nzuri, zikakaa zaidi ya miaka miwili.

Na vumbi. Fundi huwa anatoa filtri ya hewa anaigonga kwenye tairi kuukuu, vumbi jeusi linamwagika kama poda ya makaa, ukisugua kati ya vidole viwili unasikia inakwaruza, kumbe ni mawe yaliyosagwa. Hiyo ikipita kwenye filtri iliyochanika inaenda kwenye silinda kufanya kazi ya msasa. Kitabu cha gari kinaweza kusema filtri kilomita elfu nyingi, mimi naifungua kila mara ninapobadilisha mafuta, na mafuta nabadilisha kila kilomita 5,000, si zaidi, hata mwezi uwe mgumu namna gani.

Kinachotofautisha kizazi hiki na cha Baba ni kwamba magurudumu ya nyuma hayavuti mpaka komputa iamue, kuna kitufe cha kufunga lakini ukipita kilomita 40 kwa saa kinaachia chenyewe. Kwa mjini inatosha. Na volani ni ya umeme, haina mafuta, kwa hiyo haivuji, lakini ikigonga kok kok ukikata kona usikimbilie kununua volani nzima, mara nyingi ni ule mti wa chini unaounganisha volani na boksi yake, na mawe yetu yanauchosha mapema.

Sasa ile 2.4 ya binamu. Motere ya 2AZ-FE ya miaka ya 2006 mpaka 2009 hivi inajulikana duniani kote kwa kula mafuta. Sababu yake iko kwenye pistoni: vile vitundu vya kurudisha mafuta chini vilikuwa vidogo, vinazibwa na masizi, ringi zinanata, mafuta yanabaki juu yanaungua. Toyota walibadilisha pistoni baadaye, na Marekani walifungua mpango wa kuwatengenezea watu ambao gari yao ilikuwa inamaliza kama lita 1 kila kilomita 2,000. Huku kwetu mpango huo haupo, kuna wewe na kijiti cha kupimia. Na jambo la hatari ni kwamba haivuji, chini ni pakavu, taa ya mafuta inawaka wakati umeshachelewa, na mtu aliyezoea kupima mafuta siku ya sevisi tu anaua motere bila kujua. Si zote ziko hivyo. Kuna jirani ana 2.4 inayokwenda vizuri kabisa kwa sababu mwenye kwanza alikuwa anabadilisha mafuta mapema. Lakini huwezi kununua ya namna hii kwa neno la mdomo.

Nikarudi pale Katindo. Nikachomoa kijiti: mafuta chini ya alama ya chini, meusi, mazito kama lami. Nikamwambia binamu akae kwenye volani, mimi nikasimama nyuma ya egzosi na kitambaa cheupe. Iache iungurume yenyewe dakika tano, usiguse akselereta. Dakika tano zikapita, komisioneri anasema mama mbona tunachoma esansi. Sasa kanyaga mara moja, nguvu. Moshi wa bluu ukatoka, ukakaa hewani, na kile kitambaa kikawa na matone meusi ya mafuta. Sikusema kitu, nilimpa binamu kitambaa akishike mwenyewe. Kijana akaanza kushuka bei, 7,200, 6,800, na hapo tukaondoka.

Kizazi cha nne nitasema haraka. Kilianza kuuzwa mwaka 2013 na kuna jambo ambalo wengi hawajui: Japani yenyewe hakikuuzwa, huko waliendelea na cha tatu mpaka 2016. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni kizazi cha nne imetoka Japani, simama hapo kwanza. Zinatoka Ulaya, Dubai, Marekani, na za Marekani nyingi ni zile zilizogongwa huko zikatengenezwa njiani. Washa kontakti bila kuwasha motere na uangalie taa ya erbagi (mifuko ya hewa ya ajali) kwenye tablo: lazima iwake kisha izime. Kama haiwaki kabisa, kuna mtu ameitoa ili usijue kwamba erbagi zimeshatoka. Na konteri, angalia kama imeandikwa maili, 90,000 ya maili ni kilomita 145,000, watu wanasoma tarakimu wanasahau neno. Zaidi ya hapo ni gari imara, 2.0 na 2.5 zake sina malalamiko nazo, gurudumu la akiba limehamia ndani na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, jambo zuri kwa mji huu maana kwenye tatu za kwanza lile gurudumu zito linaning'inia kwenye bawaba na mawe yanalitingisha miaka yote, mlango unashuka. Za mazutu 2.2 za Ulaya za kizazi cha tatu na cha nne mimi siwezi kumshauri mtu, zinajulikana kwa kuharibika joyinti (gasketi) ya kichwa cha motere.

Za kizazi cha tano za umeme na esansi naanza kuziona, chache, za watu wa mashirika. Huko Kanada na Marekani zililalamikiwa kwa ule waya mkubwa wa umeme unaokwenda kwenye motere ya nyuma, chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inaula. Sisi chumvi hatuna, lakini gari iliyokulia kwenye chumvi inakuja nayo, kwa hiyo ingia chini uangalie. Na chini ya kiti cha nyuma kuna filtri ndogo ya hewa ya betri kubwa, kwa vumbi letu ikiziba betri inachemka. Mwulize mwenye nayo kama anajua iko wapi, jibu lake litakuambia gari imetunzwaje.

Hapa Goma valiza ya kusoma komputa ziko nyingi siku hizi, hata vijana wa miaka ishirini wanazo kwenye simu, dola 10 wanakusomea makosa yote. Ila kusoma si kutengeneza. Fundi wangu alijifunza kwa sikio, anaweka bisibisi refu kwenye motere na mpini kwenye sikio lake, anafunga macho, anakuambia ni rulima (beringi) ya alternateri. Kwa gari ya Baba hilo lilitosha kwa kila kitu. Kwa yangu linatosha robo tatu. Kwa ya kizazi cha tano ananiambia wazi, "hiyo mimi siigusi mama, iko na umeme ya kuua mtu," na mimi namheshimu zaidi kwa kusema hivyo kuliko wale wanaosema leta.

Binamu bado yuko na pesa zake. Jana amenitumia picha ya nyingine, iko Himbi, mwaka 2010, volani kushoto, manuali, nikamwambia usinitumie picha ya taa, nitumie ya sahani. Akatuma. ZSA30. Mwenyewe ni muzee mmoja mwalimu mstaafu, ana daftari ambalo anaandika kila mafuta aliyobadilisha na kilomita zake, na amekubali tuikute imelala. Tunaenda Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na kitambaa nimeshakifua.